Poka ya intaneti: Zawadi nono si kipato

MWAKA 2003 mhasibu wa Tennessee, Marekani, Chris Moneymaker, alilipa kiingilio kisichofika dola 100 katika mchujo wa poka uliochezwa kwenye intaneti. Mchujo huo ulimpa nafasi katika mashindano makuu ya dunia ya mchezo huo wa karata mjini Las Vegas, ambayo kiingilio chake ni dola 10,000. Aliwashinda wenzake 838 na kuondoka na dola milioni 2.5.

Habari hiyo iliwavuta wengi. Mwaka 2006 washiriki walifika 8,773 na mshindi, Jamie Gold, alipata dola milioni 12. Tangu wakati huo wapo wanaoamini kwamba poka ya intaneti ni ajira kama ajira nyingine. Kwa anayepiga hesabu za biashara, swali la kwanza ni hili: kati ya mashindano na meza za fedha taslimu, kipi kinalipa?

Katika mashindano, kila mchezaji hulipa kiingilio mara moja na kupewa chipu ambazo haziwezi kubadilishwa kuwa fedha. Akiishiwa, ametoka. Kwa kawaida ni mchezaji mmoja kati ya 7 hadi 10 anayepata zawadi, na sehemu kubwa ya fedha huenda kwa wachache wa juu. Katika meza za fedha taslimu, chipu ni fedha yenyewe. Mchezaji huketi na kuinuka anapotaka, na alichobakiwa nacho ni chake.

Tuchukue mfano. Watu 1,000 wanaingia katika mashindano ya dola 11, ambapo dola 10 ni za zawadi na dola 1 ni ya kampuni inayoendesha mchezo. Jumla ya dola 11,000 zimekusanywa, lakini zitakazorudi kwa wachezaji ni 10,000. Mchezaji hodari anayepata faida ya asilimia 20 atatumia dola 1,100 katika mashindano 100 na kurejeshewa dola 1,320. Faida yake ni dola 220. Akicheza mashindano manne kwa wakati mmoja, na kila moja likimchukua wastani wa saa mbili, atatumia saa 50. Hiyo ni dola 4.40 kwa saa.

Sasa mwenzake yuko kwenye meza ambazo dau kubwa la lazima ni senti 50 za dola. Anafungua meza nne na kupokea migao 250 ya karata kwa saa. Kama faida yake baada ya makato ni dola 2 kwa kila migao 100, anapata dola 5 kwa saa.

Kwa hiyo viwango hivyo viwili havipishani sana. Kinachopishana ni jinsi fedha inavyoingia. Wa meza za fedha taslimu anafanana na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambaye huuza kidogo kidogo na huona mapema pale hesabu inapokataa. Wa mashindano anafanana na mkulima anayetegemea msimu mmoja mzuri kufidia misimu kadhaa mibovu. Faida yake yote ya dola 220 inaweza kutokana na siku moja aliyofika nafasi za juu. Siku hiyo isipokuja, hodari naye anamaliza na hasara, na kama mtaji wake ni mdogo utakuwa umekwisha kabla bahati haijageuka.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba meza za fedha taslimu ni salama. Desemba 2009 kijana wa Sweden, Viktor Blom, ambaye wiki chache kabla alikuwa amevuna mamilioni, alipoteza takriban dola milioni 4.2 kwa mtu mmoja, Brian Hastings, ndani ya saa chache tu.

Jambo jingine ni kwamba orodha za washindi zinazochapishwa huonyesha zawadi bila kutoa viingilio. Mwaka 2012 Antonio Esfandiari alishinda zaidi ya dola milioni 18 katika mashindano ambayo kiingilio chake kilikuwa dola milioni 1. Ni sawa na kumhesabia mkulima mauzo yake yote bila kutoa gharama za mbegu, mbolea na vibarua. Zaidi ya hapo, wachezaji wengi huuza hisa za kiingilio chao, hivyo zawadi ikipatikana hugawanywa.

Ipo pia hatari ya mahali fedha inapotunzwa. Aprili 15, 2011 waendesha mashtaka wa Marekani walizifungulia mashtaka kampuni kubwa za poka ya intaneti. Ilibainika kwamba Full Tilt ilikuwa ikidaiwa na wachezaji wake takriban dola milioni 390, wakati benki ilikuwa na milioni 60 hivi. PokerStars iliinunua mwaka 2012 katika makubaliano ya dola milioni 731 na serikali, lakini wachezaji wa Marekani walianza kulipwa mwaka 2014. Waliokuwa wameshinda na walioshindwa wote walisubiri.

Na wapinzani nao wameimarika. Mwaka 2019 programu ya kompyuta iitwayo Pluribus iliwashinda wachezaji wa kulipwa katika meza ya watu sita.

Mfano wa ng'ombe, hata hivyo, una mwisho wake. Ng'ombe hutoa maziwa ambayo hayakuwapo jana. Poka haizalishi kitu, huhamisha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na kampuni hukata chake kila inapopita. Katika mfano wetu wa watu 1,000, dola 1,000 zilikwisha kuondoka kabla karata ya kwanza haijagawiwa. Wachezaji kwa ujumla wao wamepata hasara ya asilimia 9, awe nani aliyeshinda.

Hivyo anayeuliza kipi kinalipa ajiulize kwanza kama daftari lake la miezi sita, lenye kila kiingilio na kila saa, linaonyesha faida. Kama hana daftari, bado hana biashara. Na fedha ya ada ya shule au ya pembejeo isiketi kwenye meza yoyote kati ya hizo mbili.