Kitabu hiki, umekifungua?

Mwaka jana, katika kazi ya somo la fasihi, niliandika kwamba «Vocabulaire de ville de Elisabethville» ya André Yav ni kamusi ya maneno ya Kiswahili cha Lubumbashi. Sentensi hiyo niliitoa katika kazi ya mwanafunzi aliyenitangulia. Chini yake nikaweka jina la kitabu, mwaka na mji kilipochapwa, kana kwamba nilikisoma. Profesa hakukasirika. Aliniuliza tu, mbele ya wenzangu: «Mwanangu, kitabu hiki umekifungua?»

Sikuwa nimekifungua. Anayekifungua hamalizi kurasa chache kabla ya kuona kwamba si kamusi. Ni historia ya mji, iliyoandikwa mwaka 1965 kwa jina la chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, wale maboyi waliofanya kazi kwa Wazungu. Kichwa ni cha Kifaransa, lakini maandishi yenyewe ni Kiswahili. Mimi na yule aliyenitangulia tulisoma kichwa peke yake. Kama Profesa asingeuliza, mwanafunzi wa mwaka huu angenikopi mimi.

Tukizungumza juu ya vyanzo vya kuaminika, tunapenda kulaumu intaneti. Ni kweli, kuna kurasa zisizo na mwandishi, na kuna programu za kompyuta zinazotaja vitabu ambavyo hakuna mtu aliyeviandika. Lakini kosa langu halikutoka huko. Lilitoka katika kazi iliyofungwa vizuri, yenye jalada na muhuri. Muhuri unaonyesha kwamba kazi imepokelewa. Hauonyeshi kwamba kila sentensi imechunguzwa.

Basi chanzo cha kuaminika ni kipi? Kwa maoni yangu, ni kile kinachokupa njia ya kukihakiki. Johannes Fabian alipochapisha maandishi ya Yav mwaka 1990, hakutoa tafsiri ya Kiingereza tu. Alitoa pia Kiswahili chenyewe. Maneno yalikuwa yameandikwa bila kutenganishwa kwa utaratibu, kwa hiyo Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti ili yaeleweke, na usomaji huo nao umo kitabuni. Msomaji anaweza kulinganisha na kubishana na mfasiri. Sisi tunaozungumza Kiswahili hiki nyumbani na sokoni tuna nafasi nzuri kuliko wengi ya kubishana naye. Kazi hiyo tunaitupa tunapomnukuu Fabian kupitia kwa mtu ambaye naye hakumsoma.

Najua jibu la wenzangu: vitabu havipo, mega ni ghali, umeme unakatika usiku wa kuandika. Yote ni kweli, nami naishi humo. Lakini maandishi ya Yav yamewekwa kwenye intaneti, na jarida la Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994, linasomwa bure. Wanafunzi watano wakichanga mega, mmoja akapakua makala na kuwagawia wengine, kazi inaanza. Na pale kitabu kisipopatikana kabisa, tuandike ukweli: «nimemnukuu fulani kupitia kwa fulani». Hiyo si aibu. Aibu niliipata mimi, niliyejifanya nimesoma.

Idara nazo zina sehemu yao. Kazi za wanafunzi, TFC na tasnifu, hufungiwa kabatini, na ufunguo hukaa kwa mtu mmoja ambaye leo yupo, kesho hayupo. Ndani ya makabati hayo kuna hadithi zilizorekodiwa vijijini, nyimbo zilizonakiliwa, maelezo ya lugha ambazo hazina kitabu kingine. Kuna pia makosa kama langu, na hayawezi kusahihishwa kama hakuna anayeyaona. Tuanze na jambo dogo: orodha ya kazi zote ibandikwe mlangoni, na siku moja kila juma kabati lifunguliwe kwa saa zinazojulikana.

Kwa upande wetu, kila anayesimama kutetea kazi yake achague kitabu kimoja alichokitaja, aje nacho mkononi au kwenye simu, aonyeshe ukurasa. Mimi niliandika upya kazi yangu kwa majuma matatu. Alama hazikupanda sana, lakini swali lile Profesa akiliuliza tena, nina jibu.