TAMKO LA TAWI – NGOKOLO: CHAMA SI MTU



Mwaka 1995 NCCR-Mageuzi ilimsimamisha Mrema, akapata zaidi ya robo ya kura za urais. Viongozi wakagombana, chama kikapasuka. 1999 Mrema akahamia TLP. Mwaka 2000 akagombea tena, hakufika hata asilimia 10. Alidhani kura ni zake. Chama nacho kilidhani yeye ndiye chama. Wote walipoteza.

Na sisi? Uchaguzi wa tawi tumeuahirisha mara mbili "tukimsubiri mkubwa". Ada hatulipi, vikao hatuji, lawama tunazo tele.

Jumamosi saa 10 jioni TUNACHAGUA, mkubwa aje asije. Lipa ada, njoo na kadi. Chama ni matawi.

Katibu wa Tawi