Turbo ya Fuso si ya kubahatisha

Fuso ikiharibika kati ya Beni na Komanda, anayelala njiani si dereva peke yake. Ni pia mama na watoto waliopanda juu ya mizigo wakikimbia vita. Kwa hiyo, wenye magari, bei ndogo isiwachagulie garaji.

Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikitegemea mafuta ya moteri. Fundi wa kweli huuliza kwanza ile ya zamani ilikufa kwa nini. Husafisha bomba la mafuta, hubadilisha filtre. Bila hayo, hata mpya itakufa vilevile. Na anayetaka kukarabati ya zamani, muulize: mashine ya kusawazisha mhimili iko wapi? Akicheka tu, ondoa gari lako.