Hoja Tatu za Takadini

Walimu wawili wa Kiswahili hapa Runzewe hawasalimiani vizuri tangu mtihani wa utamilifu, huu tunaouita moko. Chanzo ni karatasi moja ya binti wa kidato cha nne. Mmoja alimpa 5 kati ya 15, mwenzake akampa 12. Nimeisoma karatasi hiyo, na niko upande wa 12. Nasema mapema, msije mkaniita mnafiki.

Swali mnalijua nyote mliopita kidato cha nne: kwa kutumia riwaya mbili, onesha jinsi waandishi walivyosawiri hali halisi ya jamii, hoja tatu kwa kila riwaya. Mwongozo wao wa kusahihisha nao mnaujua: utangulizi maki moja na nusu, hoja sita maki mbili mbili, hitimisho moja na nusu. Kama risiti ya duka.

Binti alichagua Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo na Takadini ya Ben Hanson. Kwa Mbogo aliandika hoja mbili za kawaida, harakaharaka. Kwenye Takadini akaandika hoja moja tu, kurasa mbili kasoro. Sekai, mnakumbuka, anakitoroka kijiji chake ili mwanawe mwenye ualbino asiuawe. Binti akang'ang'ania kitu kimoja: Sekai alitoroka pamoja na mtoto. Huku kwetu, anaandika, wako akina mama waliowapeleka watoto wao Buhangija, Shinyanga, wapate ulinzi, kisha wakapanda basi kurudi nyumbani peke yao. Sekai alipoteza kijiji akabaki na mtoto, hawa wamebaki na kijiji. Halafu anaongeza kwamba mwandishi alimpa Sekai kijiji cha pili cha kumpokea, sisi tulikuwa na bweni.

Mimi nina digrii na sikuwahi kuisoma Takadini hivyo.

Na mkumbuke anaandika akiwa wapi. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino, wa wilaya hiihii ya Bukombe, wakati huo ikiwa bado mkoa wa Shinyanga. Swali linataka hali halisi ya jamii. Mtoto kaileta mezani, anaambiwa hesabu yake haijatimia!

Mwalimu wa 5 simdharau hata kidogo. Ana karatasi 190 na mke anayeuza vitenge ili mwezi ufike. "Kaka," aliniambia, "mimi nasahihisha mwongozo, sisahihishi machozi yangu. Nikimpa huyu 12, yule aliyeandika hoja zote sita nimwambie nini?" Kisha akasema jambo lililoniuma zaidi: "Akienda NECTA na hoja moja, msahihishaji hamjui wala hajui Buhangija imemgusaje. Atakula sifuri kwenye hoja zilizokosekana. Siku hiyo wewe na Madam mtakuwa wapi?"

Hapo ana haki, na hapohapo ndipo ninapogombana na mfumo mzima. Mwalimu aliyesomea fasihi, anayejua jibu zuri akiliona, anamnyima mwanafunzi maki kwa kumwogopa msahihishaji ambaye hajawahi kumwona. Tumefika huko.

Tena haki ipi hiyo? Kwenye mtihani uleule kijana mmoja alipata 13. Hoja sita, zimenyooka kama mistari ya mahindi. Aliniambia mwenyewe, bila haya, kwamba riwaya hajawahi kuishika, alikariri uchambuzi uliotumwa WhatsApp. Kwenye karatasi yake Sekai ni baba yake Takadini. Tiki ikawekwa, maana "mila potofu" imo kwenye mwongozo. Mwongozo uliotengenezwa ili kuwalinda wanafunzi dhidi ya upendeleo wa mwalimu umeishia kumpendelea asiyesoma kitabu.

Mtaniambia taifa zima haliwezi kusahihishiwa kwa hisia. Sawa. Lakini maki mbili za kila hoja si sheria ya Musa. Swali linaweza kudai hoja chache na kuzilipa zaidi kwa ufafanuzi na ushahidi wa kitabu. Na huku shuleni, kwenye moko, walimu wawili wakipishana maki saba, wa tatu aisome. Madam aliomba hivyo. Akajibiwa kuwa matokeo yanatakiwa wilayani Ijumaa.

Basi wakakutana katikati kama wanunuzi wa nyanya: 7.

Wiki iliyofuata nilimkuta binti stendi, anatoka steshenari. Alikuwa amenunua kijitabu cha uchambuzi, shilingi elfu tatu. Takadini imepewa kurasa sita humo, hoja zimepigwa namba. Nikamuuliza kama amefika ile sehemu ya Sekai kutoroka. Akasema ipo, hoja ya nne, mistari miwili.