Tufanye Mazoezi Lango Likiwa Wazi

Ukiuliza hapa shuleni nani waliandika Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikipenda), mikono itainuka: Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Ukiuliza nani aliwaelekeza waigizaji, kimya! Jina lake ni Kimani Gecau.

Gecau alikuwa mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 1977 alikwenda Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kuwaelekeza wakulima na vibarua. Ukumbi haukuwapo. Wanakijiji walijijengea jukwaa la kutosha watazamaji zaidi ya 2,000, paa lake mbingu. Mazoezi yalifanywa hadharani. Mwanakijiji akiona jambo haliigizwi sawa, alisema, naye mwelekezi akasikiliza. Ama kweli, mcheza kwao hutunzwa.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali ikaupiga marufuku. Mwaka wa 1982 jukwaa lile likabomolewa, naye Gecau akakimbilia Zimbabwe, akawa mhadhiri huko. Lakini mnamo 2022 mchezo huo ulionyeshwa katika Ukumbi wa Kitaifa jijini Nairobi. Mbao zilivunjwa, mchezo haukufa.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu sisi wa kutwa tunaambiwa eti hatuna ukumbi, na saa kumi kila mtu ashike njia aende kwao, kwa hivyo drama tuwaachie wa bweni. Jamani! Mwaka jana tulifanyia mazoezi darasani, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa mama aliyefiwa. Siku ya maonyesho nyanya yangu alicheka pale pa kulia. Jioni akaniuliza, "Nyakwara, nani alikufundisha kulia ukiwa umesimama kama mlingoti? Hapa Kano mtu huanza kulia akiwa bado barabarani." Lau angetuona wiki tatu mapema!

Maoni yangu ni haya. Tupewe Jumamosi alasiri, chini ya mti wetu, lango likiwa wazi. Akina mama wa sokoni Awasi na wakata miwa waingie, watazame, watukosoe. Mwelekezi awe mwanafunzi, na jina lake liandikwe kwenye tangazo.

Najua mwalimu wa zamu atauliza: na nidhamu je? Ni swali la haki. Wanachama wawili watakaa langoni, na kabla ya giza kila msichana atakuwa kwao.

Ukumbi tutaungoja. Mazoezi yasingoje.