Kazi ya Kuhudumia Wanyama: Si Aibu, Lakini Usiiingie Mikono Mitupu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda kuzungumza na wanafunzi wetu, hasa nyinyi wakubwa mnaokaribia kumaliza skuli, juu ya kazi moja ambayo wengi huicheka na wachache huifikiria. Nayo ni kazi ya kuhudumia wanyama: kuwaosha, kuwakata manyoya na kucha, kuwalisha, kuwatembeza, kuwaangalia wakati wenyewe wako safarini, na kuwauguza wanapoumwa.

Vijana wa mwambao wanaifanya kazi hii siku zote, ila sisi hatuiiti kazi. Kijana wa Lamu anayeamka alfajiri kumwosha punda baharini kabla ya kumpakia mchanga na mawe, anahudumia mnyama. Anayewashika ngamia wanaopandwa na wageni kwenye ufuo wa Bamburi, anahudumia mnyama. Na yule aliyeajiriwa kuangalia nyumba ya tajiri, akapewa na mbwa wawili na paka watatu juu yake bila kuongezwa hata shilingi, naye pia anahudumia wanyama. Ukimuuliza yeyote kati yao anafanya kazi gani, atakujibu, "Nabangaiza tu."

Maoni yangu ni haya. Kazi hii ni ya heshima na ina riziki ndani yake. Lakini malipo yake hufuata ujuzi na mapatano. Mwenye kuingia na mikono mitupu hulipwa ujira wa mikono mitupu, na mwenye kuingia bila mapatano hulipwa anavyotaka tajiri.

Tuanze na heshima. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa Manabii wote walichunga, na kwamba Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alichunga mifugo ya watu wa Makka kwa qirati, ambazo wanavyuoni wengi wamezieleza kuwa ni malipo madogo. Nabii Musa (A.S.) naye aliajiriwa kule Madyan kwa muda uliojulikana tangu mwanzo, miaka minane, na akipenda kukamilisha kumi basi ni hiari yake. Angalieni vizuri, wanafunzi wangu: kulikuwa na muda, kulikuwa na malipo, na kila upande ulijua lake. Na sahaba mkubwa aliyetupokelea hadithi nyingi, Abu Huraira (R.A.), jina lake hilo la utani maana yake ni baba wa kipaka. Vipi basi leo kijana atachekwa barazani kwa kumwosha paka wa watu?

Ama kuhusu mbwa, najua swali liko midomoni mwenu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi mbwa ni najisi, na kikigusana naye kitu chenye unyevu huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kuuza mbwa nako hakufai. Lakini mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa kufugwa, na mnyama mgonjwa ana haki ya kuhurumiwa hata akiwa mbwa. Sote tumesomeshwa habari ya mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo mwenye kutaka kuingia upande huo amuulize kwanza sheikh wake juu ya kazi yenyewe anayopewa, avae glavu na nguo za kazi, na ajue namna ya kujitwaharisha kabla ya Sala. Asiache rizki kwa kutojua, wala asiparamie kwa kutojua.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo penye maumivu. Hapa Kenya, amri ya mishahara iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika miji mikubwa kama Mombasa kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Katika kundi hilo wamo mtumishi wa nyumbani, mtunza bustani na mfagiaji. Kijana asiye na cheti chochote, anayelisha na kuosha wanyama wa watu, kwa kawaida atahesabiwa hapo hapo. Gawanya kwa siku 26 za kazi, utapata kama shilingi 620 kwa siku. Toa nauli ya matatu, toa chakula cha mchana, kisha uniambie kinachofika nyumbani kwa mama ni kiasi gani. Na wengi hata hicho hawakipati, kwa sababu hawajui kuwa ni haki yao kisheria.

Kwa nini malipo ni madogo? Sababu ya kwanza ni kuwa watu hudhani kumpenda mnyama ni sehemu ya mshahara. Huambiwa kijana, "Wewe si wapenda paka?" kana kwamba mapenzi hununua unga. Sababu ya pili ni msimu. Wageni wakija kazi huwa tele, wakiondoka wenye ngamia hukaa kivulini wakihesabu mawimbi. Sababu ya tatu, na ndiyo kubwa, ni kuwa kazi ya mikono pekee mtu yeyote aweza kuifanya, na chenye wengi hakina bei.

Hebu sasa tazameni palipo na elimu. Mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary lilifungua kituo cha kutibu punda pale Lamu, punda wakatibiwa bila malipo. Punda ni yule yule na mji ni ule ule, lakini anayejua kusafisha kidonda cha mgongo, kupima kwato na kutoa dawa ya minyoo si kibarua tena. Huyo ni fundi anayetafutwa. Kule Abu Dhabi kuna hospitali nzima ya ndege aina ya kozi wanaotumika kuwindia, iliyofunguliwa mwaka 1999. Kwa Waarabu ndege huyo ana heshima yake, na mwenye ujuzi wa kumtibu hupata kazi kwa sababu ya ujuzi huo. Ndugu zetu wanaokwenda Ghuba kila mwaka wanajua tofauti ya aliyekwenda na fani na aliyekwenda na pasipoti tu.

Basi nini la kufanya? Nasaha zangu ni nne.

Kwanza, shikeni masomo ya sayansi, hasa baiolojia. Pale Kabete kuna chuo cha AHITI kinachotoa mafunzo ya afya ya mifugo, na Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina kitivo chake cha udaktari wa mifugo hapo hapo Kabete. Msidhani kuwa madrasa na baiolojia ni maadui. Mwenye kujua fiqhi ya twahara na kujua pia maradhi ya wanyama ana faida mara mbili.

Pili, jueni mipaka yenu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inataka anayetibu wanyama awe amesajiliwa na bodi. Kuosha na kukata kucha ni ruhusa yako, lakini kuchukua sindano na kudunga bila ya kusajiliwa ni makosa, na ukimuua mnyama wa watu una dhima mbele ya mahakama na mbele ya Allah.

Tatu, lindeni nafsi zenu. Kichaa cha mbwa huua, na dalili zikishatokea ni nadra sana mtu kupona. Mwenye kukuajiri na mbwa wake aonyeshe kwanza cheti cha chanjo ya mbwa, na kazi ikiwa ya kila siku mwombe akulipie na wewe chanjo yako. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri uone itakuwaje.

Nne, patana kabla ya kushika beseni. Wanyama wangapi, saa ngapi, siku gani ya mapumziko, malipo lini, na akikuuma nani atagharamia matibabu. Yaandikeni. Na anayekwenda nje apitie kwa wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na mkataba ausome kabla ya kutia saini.

Kwa wazazi na wenye uwezo watakaosoma gazeti hili, nanyi nina neno. Wahenga walisema punda afe, mzigo wa tajiri ufike. Tusiwafanye watoto wa Kiislamu kuwa punda hao. Ikiwa waweza kumnunulia paka wako chakula cha kopo kutoka dukani, waweza pia kumlipa anayemlisha, tena mapema, kama dini ilivyotufundisha kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Nanyi wanafunzi wangu, mkimuona mwenzenu anamsugua punda pale gatini msimcheke. Mwulizeni anasomea nini. Akikosa la kujibu, mshikeni mkono mje naye darasani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullah.