Juu ya Maswali ya Kuchagua Sentensi Sahihi



Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa la sita, nikamsikiliza mwanachuo mmoja akisahihisha jaribio la Kiswahili pamoja na watoto. Ubaoni palikuwa na sentensi yenye kosa: "Kitabu ambacho nilichokisoma kimepotea." Watoto walitakiwa kuchagua sentensi iliyosahihishwa barabara. Jibu A lilikuwa, "Kitabu ambacho nilikisoma kimepotea." Jibu B, "Kitabu nilichokisoma kimepotea." Majibu ya C na D yalikuwa na makosa ya wazi. Mwalimu akatangaza kuwa jibu ni B. Msichana mmoja aliyechagua A akanyosha mkono, akauliza kosa lake ni nini. Akaambiwa, "Jibu ni B." Akaketi.

Msichana yule hakuwa na kosa. Kirejeshi chaweza kukaa katika amba- au ndani ya kitenzi. Ubaya wa sentensi ya ubaoni ni kukiweka mahali pote pawili. Jibu A limekiondoa katika kitenzi, jibu B limeondoa "ambacho". Yote mawili ni Kiswahili safi. Aliyekosa ni mtungaji wa swali, adhabu ikamwangukia mtoto. Tena hakupoteza alama moja tu: alifundishwa siku ile kuwa sarufi ni siri ya mwalimu, na kuuliza hakufai kitu.

Maoni yangu ni kwamba mwalimu asiyeweza kueleza ubaya wa kila jibu analolikataa asilipeleke swali hilo darasani. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umetumia sana maswali ya kuchagua, nami siyapingi. Ninalolipinga ni kuifanya herufi kuwa ndiyo elimu yenyewe.

Tazameni swali hili: (A) Rafiki wangu amefika, (B) Rafiki yangu imefika, (C) Rafiki yangu amefika. Jibu ni C. Lakini aliyechagua A si mzembe. Ameshika kanuni tuliyompa sisi wenyewe, kwamba viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA. Kanuni hiyo yafaa katika "amefika", "huyu" na "mwema". Ila kimilikishi cha rafiki, jirani, ndugu, baba na mama, katika umoja, huwa "yangu". Aliyechagua B ameijua "yangu", kisha akauburura upatanisho huo mpaka kwenye kitenzi. Hayo ni maradhi mawili yanayotaka dawa mbili, lakini katika daftari yote hupata alama ile ile ya kosa. Na aliyeandika C huenda amebahatisha. Kati ya majibu matatu, bahati si haba.

Nimeambiwa mara nyingi kuwa muda hautoshi, hasa darasa likiwa na watoto sitini. Basi toeni maswali matano badala ya ishirini. Kila mtoto, pamoja na kuchagua herufi, apige mstari chini ya neno lenye kosa katika kila jibu alilolikataa: "wangu" katika A, "imefika" katika B. Kazi hiyo haihitaji chochote zaidi ya penseli, na mwalimu atapita kati ya madawati akiona kwa macho nani anajua na nani anakisia.

Njia hiyo humsaidia pia mtungaji. Jaribuni kupiga mstari katika lile jibu A la kitabu kilichopotea. Hamtapata pa kupiga. Swali la namna hiyo hugunduliwa mezani kwa mwalimu, usiku wa kuandaa somo, kabla halijamfikia mtoto.

Baada ya kipindi tulizungumza, mwanachuo na mimi, chini ya mwembe. Hakubisha. Kesho yake aliyakusanya madaftari upya, akawarudishia alama wote waliochagua A, akamwita yule msichana ubaoni awaeleze wenzake kwa nini sentensi zote mbili zinafaa. Alieleza vizuri kuliko sisi.